Wokovu kwa Neema, kwa Myahudi na kwa Mtu wa Mataifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka katika madarasa ya ubatizo na ya kipaimara, katika vikundi vya kujifunza Biblia nyumbani, na mengine kwa watu waliobaki kwenye benchi baada ya ibada kwa sababu walikuwa na jambo ambalo hawakutaka kuliuliza mbele ya wengi. Nimeyajibu kwa kufuata hasa kitabu cha Matendo ya Mitume na barua za Paulo. Nukuu nimezitoa katika Biblia ya Union Version, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo mkononi.

Neno "neema" lina maana gani katika Biblia?

Mvua ikinyesha kwa wakati wake na ghala zikajaa, tunasema mwaka huu ni wa neema. Na mtu aliyejaliwa afya na watoto, tunasema Mungu amemneemesha. Maana hiyo ya wingi na ukarimu haipotei tunapofungua Biblia, ila Agano Jipya linaongeza jambo moja ambalo mazungumzo yetu ya kila siku hayalisemi: kwamba kipawa hiki hupewa mtu asiyestahili, tena kabla hajafanya lolote la kumstahilisha. Paulo anaeleza kwa mfano wa ujira: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni" (Warumi 4:4). Kibarua aliyelima tangu alfajiri, akilipwa jioni, hasemi kwamba mwenye shamba amemhurumia; amechukua chake, na asipolipwa ana haki ya kudai. Kwa Mungu hakuna mwanadamu mwenye dai la namna hiyo. "Wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu, wanahesabiwa haki bure kwa neema yake, kwa njia ya ukombozi ulio katika Kristo Yesu" (Warumi 3:23-24).

Katika Agano la Kale neno lililo jirani ni "fadhili", lile linalorudiwa katika kila mstari wa Zaburi ya 136. Kwa hiyo neema haikuanza Bethlehemu.

"Watu wa Mataifa" ni akina nani? Sisi tumo?

Ni watu wote wasio Wayahudi: Wayunani, Warumi, Washami, na sisi pia. Mapema kabisa katika Matendo 8, kabla Petro hajaingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Rumi, tunamkuta mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake katika njia ya kwenda Gaza, na Filipo anambatiza pale pale penye maji. Mwafrika hakuingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma wala hakuchelewa.

Kwa nini jambo hili lilileta mvutano mkubwa kiasi kile katika kanisa la kwanza?

Ili kulielewa, inafaa kusimama kwanza mbele ya jiwe moja. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na ua wa nje ambamo mtu yeyote aliruhusiwa kuingia, na baada ya ua huo kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, ambao mwanahistoria Myahudi Yosefo anasema ulikuwa na kimo cha dhiraa 3. Kwenye ukuta huo yalibandikwa mawe yenye maandishi ya Kiyunani na ya Kilatini. Mwaka 1871 mtaalamu Mfaransa, Charles Clermont-Ganneau, aligundua mojawapo likiwa zima, na leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Istanbul. Kipande cha jingine kilipatikana katika miaka ya 1930. Maneno yake ni machache na hayana huruma: mtu yeyote wa taifa jingine asiingie ndani ya kizuizi hiki, na atakayekamatwa atakuwa amejiletea kifo mwenyewe.

Paulo aliujua ukuta huo kwa mwili wake. Katika Matendo 21 alikaribia kuuawa na umati kwa sababu walidhani amemwingiza Trofimo, mtu wa Efeso, upande wa ndani, na kifungo chake kirefu kilianzia hapo. Sasa soma Waefeso 2:14, inayosema kwamba Kristo ndiye amani yetu na kwamba "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Wafasiri wetu walichagua neno zuri sana. Kiambaza ni ukuta wa fito na udongo, ule ambao mvua za masika zikiupiga misimu miwili bila kukandikwa upya huanza kuonyesha mbavu zake. Ukuta wa hekaluni ulikuwa wa mawe, lakini mbele ya msalaba ulianguka kama kiambaza.

Wayahudi waliolinda mpaka ule hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechaguliwa na Mungu, wamepewa torati, na mababu zao walikubali kuuawa kuliko kula nyama ya nguruwe. Kuambiwa ghafla kwamba akida wa jeshi la Rumi, jeshi lililoikalia nchi yao, ni ndugu yao katika ahadi, lilikuwa jambo zito. Tusiwahukumu kwa wepesi.

Ni nani aliyeamua kwamba watu wa Mataifa hawahitaji kutahiriwa ili waokoke?

Kwa kweli Mungu aliamua kwanza, na mitume wakamfuata. Petro alikuwa Yafa, katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, karibu na bahari. (Mtu anayeshinda na ngozi za wanyama waliokufa hakuwa mwenyeji ambaye Myahudi mwangalifu angemchagua, hivyo Petro alikuwa amekwisha kuanza kusogea hata kabla ya maono.) Saa sita mchana, akiwa na njaa, akisubiri chakula kiandaliwe, aliona nguo kubwa ikishushwa kutoka mbinguni ikiwa na wanyama wa kila aina, akaambiwa achinje ale. Alikataa. Jambo hilo lilitendeka mara tatu, kisha wajumbe wa Kornelio wakabisha mlangoni.

Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, Petro hakupata hata nafasi ya kumaliza mahubiri. Roho Mtakatifu aliwashukia wote waliolisikia neno alipokuwa bado anasema, kabla ya ubatizo, bila tohara, bila masharti ya vyakula. Ndipo akauliza ni nani awezaye kuwakataza maji.

Hata hivyo mjadala haukuisha. Walikuja Antiokia watu kutoka Uyahudi wakifundisha kwamba asiyetahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka, na kanisa likawatuma Paulo na Barnaba Yerusalemu, wapata mwaka 49. Habari za kikao hicho zimo katika Matendo 15, na ndani yake kuna sentensi ambayo ningependa kila Mkristo aijue kwa moyo. Petro anasema: "Bali twaamini kwamba tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu vile vile kama wao" (15:11). Angalia mpangilio wa maneno. Tungetarajia aseme kwamba wao, watu wa Mataifa, wataokoka kama sisi Wayahudi. Petro amegeuza. Anamchukua mpagani aliyeingia jana, asiye na tohara, asiye na Sabato, asiyejua hata zaburi moja, na kumfanya kielelezo cha jinsi yeye mwenyewe, Myahudi na mtume, atakavyookoka. Kama Kornelio hakuwa na kitu cha kuleta mkononi, basi na Petro hana.

Uamuzi wa mwisho, uliotolewa kwa kauli ya Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, uliwataka waamini wa Mataifa wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa na uasherati. Vile vya vyakula wengi wetu tunavielewa kuwa masharti ya kukaa meza moja na ndugu Wayahudi bila kuwakwaza. Hakuna lolote katika hayo lililowekwa kuwa bei ya wokovu.

Je, Wayahudi wa Agano la Kale waliokolewa kwa kushika sheria?

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, hata kwa wahubiri: kwamba zamani watu waliokolewa kwa sheria, na sasa tunaokolewa kwa neema. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri ya kwanza, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Israeli katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa. Bahari ilikuwa imekwisha kupasuliwa, Farao amekwisha kushindwa, mana imekwisha kuanza kudondoka, ndipo amri zikatolewa. Wokovu ulitangulia na sheria ikafuata, kama maelekezo kwa watu waliokwisha kukombolewa. Na katika Kumbukumbu la Torati 7 wanaambiwa wazi kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote, bali kwa sababu Bwana aliwapenda na kukishika kiapo alichowaapia baba zao.

Paulo anakwenda nyuma zaidi, hadi kwa Ibrahimu, na hoja yake katika Warumi 4 ni ya kuhesabu miaka. Mwanzo 15:6 inasema Ibrahimu alimwamini Bwana, akahesabiwa haki. Wakati huo Ishmaeli alikuwa hajazaliwa. Alipozaliwa, Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka 86. Tohara iliamriwa katika Mwanzo 17, naye akatahiriwa akiwa na miaka 99. Kwa hiyo kwa miaka isiyopungua 13, baba wa Wayahudi alikuwa mwenye haki mbele za Mungu akiwa hajatahiriwa, na Musa bado yuko mbele kwa karne kadhaa. Kwa sababu hiyo Paulo anamwita baba wa wote wanaoamini, waliotahiriwa na wasiotahiriwa.

Sheria, basi, ilikuwa na kazi yake: kumfanya mtu aijue dhambi (Warumi 3:20), na kuwa kiongozi wa kutuleta kwa Kristo (Wagalatia 3:24). Ni takatifu na njema. Haikupewa kazi ya kumpa uzima mtu aliyekufa.

Katika kabila letu vijana hutahiriwa jandoni. Je, Paulo analipinga jambo hilo?

Hapana. Tohara anayoijadili Paulo ni alama ya agano na Israeli, inayobeba wajibu wa torati nzima. Haihusiani na jando, wala na kampeni za afya za tohara kwa wanaume zinazolenga kupunguza maambukizi ya VVU. Ili kuona kwamba hakupinga kisu chenyewe, linganisha vijana wawili aliofanya nao kazi. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri ili apokelewe na Wayahudi wa sehemu zile (Matendo 16:3). Tito, Myunani, walipotaka atahiriwe kana kwamba bila hilo hajakamilika, Paulo hakukubali hata kwa saa moja (Wagalatia 2:3-5). Kinachopimwa ni sababu. Kitendo ambacho ni halali kikifanywa kwa upendo au kwa afya, kikitajwa kuwa ongezeko la lazima kwa kazi ya Kristo, kinakuwa kuikana kazi hiyo.

Hapa naomba nitoe rai. Wazee wetu wengi, walipobatizwa, waliambiwa waache majina yao ya kuzaliwa na kuchukua ya Kizungu, na wakaelewa kwamba Ukristo na Uzungu ni mlango mmoja. Kikao cha Yerusalemu kilikuwa kimekwisha kulikataa jambo la namna hiyo tangu karne ya kwanza. Kama Myunani hakulazimika kuwa Myahudi ili aokoke, Mnyamwezi au Mluo hawezi kulazimika kuwa Mzungu.

Mbona Petro mwenyewe alijitenga na watu wa Mataifa kule Antiokia?

Kwa hofu. Wagalatia 2 inasimulia kwamba alikuwa akila pamoja nao, lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akarudi nyuma, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Petro hakubadilisha mafundisho yake, alibadilisha kiti. Na Paulo akamkemea mbele ya wote, kwa sababu aliona kwamba meza iliyogawanywa inahubiri injili nyingine hata kama mdomo haujasema neno.

Niliwahi kukaa katika msiba ambapo waumini wa dhehebu moja hawakuigusa chai iliyochemshwa na waumini wa dhehebu jingine. Birika lilizunguka, vikombe vikawekwa chini vikiwa vimejaa, na mjane akawa anavitazama. Sikuhitaji tena kuelezwa ni kitu gani kilimkasirisha Paulo.

Yakobo anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo. Je, anampinga Paulo?

Yakobo 2:24 inasema hivyo waziwazi, na si vyema kuipunguza makali. Lakini tazama anazungumza na nani. Paulo anamjibu mtu anayetaka kuongeza kitu juu ya imani ili apokelewe. Yakobo anamjibu mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, ila Paulo anasimama katika Mwanzo 15, siku alipoamini ahadi, na Yakobo katika Mwanzo 22, siku alipomtoa Isaka, ambapo imani ile ya zamani ilionekana kuwa hai. Na wanaopenda kunukuu Waefeso 2:8-9, kwamba "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", wasiishie hapo. Mstari wa 10 unaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Kama ni bure, kwa nini nisiendelee kuishi nipendavyo?

Paulo aliulizwa swali hilo hilo, na jibu lake katika Warumi 6 linaanza kwa neno moja: "Hasha!" Aliyekufa pamoja na Kristo katika ubatizo hawezi kuendelea kuishi katika kile alichokifia.

Je, Mungu amewaacha Wayahudi na kulichukua Kanisa mahali pao?

Paulo analiuliza katika Warumi 11:1 na kujibu tena kwa kukataa: yeye mwenyewe ni Mwisraeli, wa kabila la Benyamini. Kisha anatoa mfano wa mzeituni. Matawi mengine yalikatwa kwa kutokuamini, na tawi la mzeituni mwitu, yaani mtu wa Mataifa, likapandikizwa kati yao ili lishiriki unono wa shina.

Mkulima wa machungwa wa Muheza ataushangaa mfano huu. Yeye anapobebesha miche, huchukua kikonyo cha chungwa zuri na kukibebesha juu ya shina la limau, kwa sababu tunda hufuata kikonyo. Kuchukua kikonyo cha porini na kukiweka juu ya shina bora ni kupoteza shina. Paulo analijua hilo, kwa maana katika mstari wa 24 anasema jambo hili limefanyika kinyume cha asili. Hakuna mwenye bustani angetufanyia hivyo kwa hesabu ya faida. Amefanya kwa neema. Ndipo linafuata onyo kwetu: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe" (11:18).

Kanisa halikulisikia onyo hilo, na limezaa uchungu mwingi. Mwaka 1096 makundi ya watu waliojiita wanajeshi wa msalaba waliwaua Wayahudi katika miji ya bonde la mto Rhine. Martin Luther, aliyeitetea neema kwa nguvu kuliko wengi, mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya kutisha ambayo Walutheri wa Marekani waliyakataa hadharani mwaka 1994. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kulaumiwa kwa Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala kwa Wayahudi wa leo. Mtu anayesema ameokolewa kwa neema na huku anawadharau watu ambao kwao ahadi, manabii na Kristo kwa jinsi ya mwili vilitoka, hajaelewa bado alichopewa.

Basi, Myahudi ana njia yake nyingine ya wokovu?

Wakristo wanatofautiana hapa. Wapo wanaofundisha kwamba agano la Sinai linamtosha Myahudi pasipo Kristo. Mimi siwezi kuliafiki hilo nikiwa nimeisoma Matendo 15:11, maana aliyesema "vile vile kama wao" ni Myahudi akizungumzia Wayahudi. Wala sioni kwa nini Paulo angekuwa na huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma kwa ajili ya ndugu zake (Warumi 9:2) kama hawakupungukiwa na kitu. Injili ni "kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia" (Warumi 1:16). Wakati huohuo, Warumi 11 inasema Israeli wote wataokoka, na kwamba karama za Mungu na mwito wake havina majuto. Jinsi jambo hilo litakavyotimia Paulo anaiita siri, na badala ya kuifafanua anamaliza sura kwa kumsifu Mungu ambaye hukumu zake hazichunguziki.

Je, Wakatoliki na Waprotestanti wanakubaliana juu ya neema?

Kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo na si kwa stahili yoyote ndani yetu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006 na makanisa ya Reformed, yaani ya mapokeo ya Kalvini, mwaka 2017. Tofauti zipo bado, lakini mzizi huo ni mmoja.

Nikiulizwa "Umeokoka?", nijibu nini?

Swali hili tumelirithi hasa kutoka katika uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukatupa na jina la walokole. Ni swali jema likiulizwa kwa upendo. Maandiko yanalijibu kwa nyakati tatu: "mmeokolewa" (Waefeso 2:8), "sisi tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18) na "tutaokoka" (Matendo 15:11). Aliye ndani ya Kristo anaweza kusema ndiyo bila kiburi, kwa kuwa anayeshuhudiwa katika jibu hilo ni Mwokozi.

Nianzie wapi kusoma?

Soma Matendo 10, 11 na 15 kwa kikao kimoja, kisha Wagalatia yote, halafu Warumi polepole. Usiiruke sura ya 16 kwa kuwa ni majina tu. Humo yumo Febe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wamo Priska na Akila, Wayahudi waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio. Yumo Androniko, ambaye Paulo anamwita jamaa yake. Na kati yao yamo majina ya Kilatini na ya Kiyunani ambayo watumwa wengi wa Rumi walipewa na mabwana zao. Katika mstari wa 22 mwandishi aliyekuwa akiandika kwa mkono wake yale Paulo aliyoyasema, mtu mwenye jina la Kilatini lenye maana ya "wa tatu", anaweka salamu yake mwenyewe: mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana.